Njia ya Kumshusha Mgonjwa: Dharura za Afya Milimani Korogwe na Porini Handeni

Dharura ya kiafya milimani hupimwa kwa saa. Mtu akivunjika mguu stendi ya Korogwe, Hospitali ya Magunga iko karibu na bajaji humfikisha. Akivunjika mguu huohuo kwenye mteremko wa Nilo, kilele kirefu kuliko vyote vya Usambara Mashariki chenye mita 1,506, hospitali inaweza kuwa ileile, ila kati yake na majeruhi kuna msitu, vijito, njia ya miguu inayoteleza, kitongoji kinachofikiwa na pikipiki, na barabara ambayo gari huipita kwa shida wakati wa masika. Mfupa umevunjika vilevile. Kilichoongezeka ni muda, na katika muda huo damu humwagika, sumu husambaa na mwili hupoa. Kwa hiyo maandalizi ya safari ya milimani au ya mawindo huanza na swali ambalo wengi hulisahau wakihangaika na dawa za kubeba: mmoja wa kundi akishindwa kutembea, atashuka kwa njia ipi, atabebwa na nani, na atapelekwa wapi?

Jibu hutegemea ardhi. Mji wa Korogwe uko kando ya Mto Pangani, mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake Usambara Magharibi hupanda ghafla kuelekea Vugiri, Bungu, Dindira na mashamba ya chai ya Ambangulu. Ng'ambo ya bonde la Mto Luengera ndiko kuliko Usambara Mashariki na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Nilo, ambayo sehemu yake imo wilayani Korogwe. Kusini mwa Pangani ni nchi nyingine kabisa. Handeni ni nyika ya vichaka na vilima vya hapa na pale, yenye jua kali na maji haba wakati wa kiangazi, ikipakana upande wa magharibi na Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka humohumo Handeni mwaka 2002 na yenye milima ya Nguu. Juu kuna ukungu na utelezi, chini kuna joto na umbali. Mtu aliyezoea upande mmoja hujidanganya akidhani anaujua na wa pili.

Jambo moja linaweza kuondolewa mapema katika orodha ya hofu. Ugonjwa wa kimo, ule unaowasumbua wapandaji wa Kilimanjaro, kwa kawaida huanza kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Milima ya Korogwe haifiki huko. Mtu anayeumwa kichwa, kutapika na kuyumba akiwa Vugiri au Nilo asiambiwe kwamba ni hewa ya mlimani. Huenda amekaukiwa maji, au ana malaria, au sukari imemshuka, na kila mojawapo inahitaji kushughulikiwa papo hapo.

Taarifa kabla ya safari

Maandalizi ya kwanza hayabebwi mgongoni. Kundi linalopanda huacha taarifa kwa mtu wa chini ambaye atachukua hatua: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, au mwenyeji aliyewalaza. Taarifa hiyo ina majina, idadi, njia wanayopita, saa wanayotarajiwa kurudi, na saa ambayo wasipoonekana watafutwe. Kipengele cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote, kwa kuwa giza huingia upesi baada ya saa 12:30 jioni na kumtafuta mtu msituni usiku ni kazi ya hatari kwa watafutaji wenyewe. Kwenye misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, mgeni huhitaji kibali cha kuingia. Wengine huona kibali kama usumbufu wa malipo, lakini jina lililoandikwa kwenye daftari la mlinzi wa msitu ni uthibitisho kwamba kuna mtu anayejua nani yuko ndani.

Mwenyeji wa kuongoza njia si wa kuonyesha vipepeo tu. Ndiye anayejua ni kitongoji gani kina vijana wa kubeba, pikipiki inafika hadi wapi, mto gani hufurika baada ya mvua ya saa moja, na simu inashika kwenye kilima kipi. Milimani mtandao hupatikana zaidi kwenye migongo ya milima na hupotea mabondeni. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya mahali ambapo sauti haipiti, na simu nyingi za kisasa zinaweza kuonyesha mahali mtu alipo kwa satelaiti hata bila intaneti, maadamu zina chaji. Betri ya akiba basi ni kifaa cha uokoaji. Filimbi nayo ni ya thamani kuliko koo la mtu aliyejeruhiwa: milio mitatu, kimya kidogo, kisha mitatu tena.

Namba za simu huandikwa karatasini, si kwenye simu peke yake. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Namba 115, inayotumiwa na mpango wa m-mama, imekusudiwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na mpango huo unatoa somo kwa kila anayekwenda mbali na barabara: pale gari la wagonjwa lisipokuwepo, madereva wa kawaida walioandikishwa mapema ndio huitwa. Kundi la wapandaji linaweza kufanya vivyo hivyo kwa kupatana na mwenye Noah au mwenye pikipiki wa kijiji cha mwisho kabla ya kuanza kupanda. Zaidi ya hapo, itafutwe namba ya zahanati ya karibu, ya kituo cha afya, na ya hospitali itakayopokea: Magunga kwa upande wa Korogwe, hospitali ya wilaya au ya Kwamkono kwa upande wa Handeni, na Bombo mjini Tanga kwa rufaa. Aliye karibu na mpaka wa Lushoto hujua pia hospitali ya Bumbuli. Jina la hospitali lisimdanganye mgeni: ile ya Lutindi, iliyoko juu mlimani, inajulikana kwa matibabu ya wagonjwa wa akili.

Swali la kuulizwa kwa simu kabla ya safari ni moja zito: dawa ya sumu ya nyoka ipo wapi wiki hii? Zahanati nyingi hazina. Kundi linalojua kwamba dawa iko hospitali fulani halipotezi saa mbili kumpeleka mgonjwa mahali atakapoandikiwa rufaa.

Damu

Mawindo yana historia ndefu katika nchi hii, na historia hiyo yenyewe ina kifo cha porini ndani yake. Katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mbegha, msasi wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu, alifika Kilindi na kufanya urafiki na mwana wa mkuu wa huko. Kijana huyo aliuawa na nguruwe mawindoni, na Mbegha akakimbia kwa kuogopa lawama, safari iliyomfikisha hatimaye Usambara na kuwa chanzo cha utawala wa Wakilindi huko Vugha. Nguruwe wale bado wapo. Wanaharibu mihogo na mahindi, na wanaume wa vijiji vya Handeni na Korogwe bado huwafuata kwa mbwa na mikuki. Pembe za nguruwe dume humpata mtu kwa chini, pajani na nyuma ya goti, ambako mishipa mikubwa ya damu hupita. Mtu anaweza kufa kwa damu ya paja ndani ya dakika chache, kabla mwenzake hajamaliza kupiga kelele za kuomba msaada.

Kwa hiyo kuzuia damu ndiyo stadi ya kwanza ya msasi. Hatua ya mwanzo ni kubana jeraha lenyewe kwa mkono mzima, kwa kitambaa safi, kwa uzito wa mwili, bila kuachia kila mara kuchungulia kama damu imekoma. Jeraha likiwa na shimo, kitambaa hujazwa ndani ya shimo ndipo kubanwa juu yake. Damu ya mkono au mguu ikiendelea kuruka au kufurika, hapo ndipo kiungo hufungwa kwa mkanda mpana wa kukaza. Kanga iliyokunjwa kwa upana wa vidole vitatu hadi vinne hufaa, ikizungushwa vidole vitatu hivi juu ya jeraha, si juu ya goti wala kiwiko, kisha kijiti kigumu hupitishwa kwenye fundo na kusokotwa mpaka damu ikome. Itauma sana. Saa ya kufunga huandikwa mahali paonekanapo, hata kwa kalamu kwenye paji la uso, na mkanda haulegezwi njiani. Waya, uzi wa katani au kamba nyembamba hukata nyama bila kuzuia damu.

Mshale au kijiti kilichozama mwilini hakichomolewi porini, kwa kuwa mara nyingi ndicho kinachoziba mshipa. Huzungushiwa vitambaa kisitikisike na mgonjwa husafirishwa nacho. Tumbo likipasuka na utumbo kutokeza, haurudishwi ndani. Hufunikwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, na mgonjwa hapewi chakula.

Majeraha ya bunduki yana tatizo la ziada ambalo si la kitabibu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humtaka mwindaji awe na leseni, inayotolewa chini ya usimamizi wa mamlaka za wanyamapori, na hifadhi za mazingira asilia kama Nilo si mahali pa kuwinda kabisa. Aliyejeruhiwa na gobore la mwenzake katika mawindo ya kificho huogopa hospitali, kwa kuwa majeraha ya silaha huendana na fomu ya polisi ya PF3. Hofu hiyo inaua. Ndugu hulala na majeruhi nyumbani siku mbili wakitafuta dawa za kienyeji, na risasi zenye udongo na vipande vya nguo zinaozesha nyama. Njia iliyo sawa ni mmoja kwenda polisi kuchukua fomu huku wengine wakiendelea moja kwa moja na mgonjwa hospitalini. Leseni halali nayo ni sehemu ya maandalizi ya afya: aliye nayo haogopi kupiga simu. Ajali nyingi za aina hii zingezuilika kwa kanuni mbili za wazee wa mawindo, kutofyatua kwa kusikia mchakacho na kutowinda usiku bila kujua kila mwenzako amesimama wapi.

Nyoka

Hofu kubwa ya wageni ni nyoka, na kwa sehemu hii ya nchi hofu hiyo ina msingi. Nyikani Handeni na mabondeni Korogwe yuko kifutu, mnene, mvivu, mwenye rangi za majani makavu, ambaye hakimbii mtu akikaribia na hukanyagwa kwa sababu hiyo. Yuko koboko, mrefu na mwepesi. Yuko swila atemaye sumu machoni. Kwenye misitu ya Usambara yuko kipiri mdogo wa mitini mwenye magamba yaliyosimama kama vipembe juu ya macho, na yuko nyoka mwembamba wa rangi ya kijiti kikavu ambaye mwaka 2001 alipewa jina la kisayansi la Thelotornis usambaricus kutokana na milima hii. Huyu wa mwisho huuma kwa nadra, hasa akishikwashikwa, lakini sumu yake huzuia damu kuganda na haina dawa yake maalumu popote duniani. Asiguswe, hata akionekana mpole.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na walemavu wengi zaidi ya hao. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na wawindaji, watu wale wale wanaotembea pekupeku au na ndala kwenye majani. Viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu, fimbo ya kupekua njia na tochi usiku huzuia sehemu kubwa ya ajali hizi. Mikono haiingizwi kwenye shimo, chini ya gogo au kwenye rundo la kuni bila kuangalia, na anayelala porini hulala ndani ya hema au chandarua kilichokunjiwa chini ya mkeka.

Sumu za nyoka hawa hufanya kazi kwa namna tofauti, na anayejua tofauti hiyo humweleza daktari vizuri. Ya kifutu huvimbisha kiungo, huleta malengelenge, maumivu makali na kuvuja damu. Ya koboko hushambulia neva: kope za macho hulegea, maneno huwa mazito, mate humshinda mgonjwa kumeza, kisha pumzi hukata, wakati mwingine ndani ya saa chache au chini ya hapo. Anayekata pumzi njiani anaweza kuokolewa na mwenzake anayempulizia hewa mdomoni bila kuchoka hadi hospitali, kwa sababu moyo bado unapiga na sumu ya aina hiyo hatimaye huachia.

Kinachotakiwa baada ya kuumwa ni rahisi kusema na kigumu kutenda. Watu wasogee mbali na nyoka. Aliyeumwa alale au aketi, atulizwe, asitembee. Pete, bangili, saa na viatu vivuliwe kabla uvimbe haujaja. Kiungo kifungwe banzi kana kwamba kimevunjika, kwa kuwa misuli inayotembea ndiyo inayosukuma sumu. Saa ya kuumwa iandikwe. Picha ya nyoka ipigwe kwa mbali ikiwezekana, lakini asifuatwe wala kuuawa, maana hapo ndipo anapopatikana mgonjwa wa pili. Kisha abebwe. Bandeji pana ya kunyumbulika inayozungushwa kiungo kizima hutumiwa na waliofundishwa pale inapojulikana hakika kwamba ni nyoka wa sumu ya neva kama koboko. Kwa kifutu inaweza kuongeza madhara, na asiye na hakika hutosheka na banzi.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Mkanda wa kukaza unaookoa maisha kwenye jeraha la damu ni madhara matupu kwa aliyeumwa na nyoka. Sumu ikifungiwa kwenye mguu usiopata damu huozesha mguu huo, na mkanda unapofunguliwa hospitalini sumu huingia mwilini kwa mkupuo. Kuchanja kwa wembe humfanya mgonjwa ambaye damu yake haigandi aendelee kuvuja. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu. Jiwe la nyoka, lile jeusi linalogandishwa kwenye jeraha, hushika kwa sababu linafyonza unyevu, na mgonjwa aliyepona nalo huwa hakupata sumu ya kutosha tangu mwanzo. Nyoka wengi huuma bila kutema sumu, na hilo ndilo linaloyapa mawe na mizizi sifa yake. Waganga wa kienyeji wa Kizigua na Kisambaa wanaheshimiwa na ndio wanaofikiwa kwanza na watu wengi. Mganga anayemtuliza mgonjwa, kumfunga banzi na kumsukuma kwenda hospitali siku hiyohiyo ni mshirika mkubwa wa uokoaji kuliko anayemlaza kwake hadi asubuhi.

Maumivu hupunguzwa kwa panadol. Aspirini na diklofenaki huachwa kwa kuwa huongeza uvujaji wa damu. Sumu ya swila ikiingia machoni, macho huoshwa papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa robo saa au zaidi, na maziwa yakipatikana kuliko maji basi maziwa. Macho hayasuguliwi, na mgonjwa bado anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Kuanguka na machela

Kwa hesabu ya safari nyingi, kinachowapata watu milimani kuliko nyoka ni utelezi. Udongo mwekundu wa Usambara baada ya mvua haushiki soli, na njia za mkato kati ya mashamba hukata mteremko moja kwa moja. Kifundo kinateguka, kigasha kinavunjika, kichwa kinagonga jiwe. Kiungo kilichovunjika hufungwa banzi pamoja na viungo vya juu na chini yake, juu ya nguo laini, kisha vidole huangaliwa kama bado vina joto na hisia. Aliyeanguka kutoka juu na analalamika shingo au mgongo hageuzwi ovyo. Watu wanne humgeuza kwa pamoja kwa amri ya mmoja aliyeshika kichwa. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua hulazwa ubavu ili matapishi yasimzibe.

Kisha huja kazi ya machela, ambayo milima hii inaijua kwa vizazi. Wajawazito na wagonjwa wa vitongoji vya juu wameshushwa hivyo tangu zamani. Machela ya haraka hutengenezwa kwa miti miwili imara yenye urefu wa mtu na nusu na magunia mawili ya mahindi yaliyotobolewa pembe za chini, miti ikipitishwa ndani. Mgonjwa hufungwa kwa kanga asiteleze. Kwenye mteremko mkali hutakiwa watu 6 hadi 8 kwa mara moja na kundi la pili la kupokezana, maana mabega huchoka baada ya dakika chache na aliyechoka ndiye anayeanguka. Kundi la watu 3 kutoka mjini haliwezi kazi hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya kujua jina la mwenyekiti wa kitongoji kabla ya ajali, na ya kubeba akiba ya fedha taslimu kwa ajili ya wabebaji, mafuta ya pikipiki na gari.

Baridi, jua na maji

Mvua ya alasiri, upepo na nguo zilizolowa vinaweza kumpoza mtu vibaya hata kwenye mita 1,300, zaidi katika miezi ya Juni hadi Agosti. Dalili ya hatari ni mtu anayejikwaa, anayesema maneno yasiyoeleweka, na hasa anayeacha kutetemeka ilhali bado ana baridi. Huvuliwa nguo mbichi, huvikwa kavu, huzungushiwa nailoni na kukumbatiwa na wenzake, na akiwa na fahamu hunyweshwa chai ya moto yenye sukari nyingi. Gongo haifai: huleta hisia ya joto kwenye ngozi huku mwili ukizidi kupoa ndani.

Nyikani Handeni adui ni jua. Mwindaji anayefuatilia nyayo tangu alfajiri hupoteza maji mengi kwa jasho, na asipokojoa hadi mchana, au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia, amechelewa kunywa. Mchanganyiko wa kurudisha maji mwilini hupatikana dukani kwa pakiti ya lita moja, na wa nyumbani hufanywa kwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Aliyeacha kujielewa kwa joto hulazwa kivulini, humwagiwa maji na kupepewa bila kukoma wakati safari ya hospitali inaandaliwa. Maji ya malambo na vijito huchemshwa au kutiwa dawa hata yakionekana maangavu.

Nyuki na mbwa

Warina asali wanajua kwamba nyuki wa huku hawasamehe. Aliyevamiwa hukimbia mbali akifunika uso, na miiba hukwanguliwa upesi. Kwa wengi ni maumivu tu. Kwa wachache wenye mzio, uso huvimba, ngozi hututumka, kifua hubana na mtu huanguka ndani ya dakika chache. Tiba yake ni sindano ya adrenalini msulini pajani, na anayejua kwamba aliwahi kupatwa na hali hiyo hapaswi kwenda porini bila kuzungumza na daktari wake. Mwenye pumu hubeba dawa yake ya kuvuta, mwenye kisukari dawa na kitu kitamu, mwenye kifafa vidonge vyake, na wenzake wanaambiwa kabla ya kuanza kupanda. Aibu ya kuficha ugonjwa imewagharimu wengi.

Mbwa wa mawindo wasipochanjwa dhidi ya kichaa huwa hatari kwa mwenye mbwa kuliko kwa nguruwe. Jeraha la meno ya mbwa, au ya mnyama wa porini aliyeonyesha ujasiri usio wa kawaida, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo hufuatwa hospitali siku hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mizoga isiyojulikana imekufaje haichunwi wala kuliwa, kwa hofu ya kimeta. Panya wanaokutwa wamekufa wengi mahali pamoja hawaguswi, na habari hupelekwa kituo cha afya: tauni ililipuka wilayani Lushoto, jirani wa Korogwe, mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20.

Mfuko

Baada ya hayo yote mfuko wenyewe huwa mdogo. Glavu, gozi za kutosha, bandeji pana mbili au tatu, kanga mbili, plasta, sabuni, mkasi, pini, panadol, dawa ya mzio, pakiti za chumvichumvi, karatasi kubwa ya nailoni, filimbi, tochi ya kichwani na kalamu. Dawa ambazo mbebaji hajui kuzitumia ni uzito tu. Chanjo ya pepopunda huangaliwa kabla ya msimu, kwa kuwa kila mkwaruzo wa porini una udongo. Mafunzo ya huduma ya kwanza, kama yale yanayotolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, yana faida kuliko chochote kinachoweza kutiwa ndani ya mfuko huo, na katika kundi la watu 6 wanaofaa kuwa nayo ni wawili, maana aliyefundishwa peke yake anaweza kuwa ndiye majeruhi.

Homa ya baada ya safari

Malaria ina hesabu yake. Mabondeni ni nyingi, na hupungua kadiri mtu anavyopanda. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Vimelea huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili tangu mbu aume mpaka homa itokee. Mtu anayepandwa na homa siku ya pili mlimani ameibeba kutoka nyumbani, naye hushushwa akapimwe mapema kabla hajashindwa kutembea. Aliyelala kambini mabondeni kwa mawindo anaweza kurudi Dar es Salaam au Arusha akiwa mzima, kisha akaugua wiki ya pili, wakati safari imeshasahaulika. Akifika kwa daktari, habari ya kwanza kumpa ni kwamba alilala Korogwe au Handeni, tarehe zipi, na kama aliumwa na kupe, mbwa au kitu kingine chochote akiwa huko. Aliyeanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa humaliza dozi zote kwa tarehe alizopangiwa, hata kama jeraha limeshapona.